Hati ya Mshahara ya Kielektroniki Inapokwama: Kutafuta Chanzo Kutokana na Dalili

Mwajiri anayeacha kugawa hati za mshahara za karatasi na kuanza kuzituma kwa simu au barua pepe hupokea malalamiko mengi katika miezi ya mwanzo, na karibu yote huelekezwa kwa mfumo: mfumo haufanyi kazi, mfumo umekosea, mfumo umekula pesa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wahasibu na maafisa utumishi wa viwanda vya kubangua korosho, maghala, hospitali za misheni, shule binafsi na kampuni za ulinzi katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Msimamo wake ni kwamba malalamiko mengi ya namna hiyo hutokana na kumbukumbu za wafanyakazi zilizokuwa na kasoro tangu enzi za karatasi. Wakati ule kasoro hazikuonekana kwa sababu karani aliyebeba bahasha alimjua kila mtu kwa sura. Jina lililokosewa alilisahihisha kwa kalamu, na aliyehamishwa kutoka Masasi kwenda Nachingwea alifuatwa na bahasha yake kwa mkono wa dereva. Kompyuta haina karani huyo, kwa hiyo kabla ya kumpigia simu fundi, fungua kwanza jalada la mfanyakazi.

Jambo moja la kisheria linafaa kuwekwa mezani mapema, kwa sababu litaamua lipi ni tatizo na lipi ni usumbufu tu. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri aambatanishe malipo ya mshahara na taarifa ya maandishi yenye mchanganuo wake. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali kwamba maandishi yanaweza kuwa ya kielektroniki, mradi yaweze kufikiwa tena baadaye yanapohitajika. Maana yake ni kwamba ujumbe mfupi usemao tu kuwa mshahara umeingia si hati ya mshahara, na kiungo kinachokufa baada ya siku saba bila mfanyakazi kupata nakala ya kudumu kinamwacha mwajiri mahali pabaya.

Ujumbe haumfikii mfanyakazi

Swali la kwanza ni la idadi. Je, amekosa mtu mmoja, kituo kizima, au wafanyakazi wote?

Wakikosa wote, chanzo kiko ofisini: orodha ya mishahara haijaidhinishwa na mtu wa mwisho, au salio la kutumia ujumbe limekwisha, au faili limepakiwa likakataliwa kimyakimya kwa sababu safu moja ina herufi mahali panapotakiwa tarakimu. Angalia ripoti ya utumaji ndani ya mfumo kabla ya kutuma upya. Wapo wanaobonyeza mara ya pili na ya tatu kwa wasiwasi, na matokeo yake mtandao unapotulia kila mfanyakazi hupata hati tatu za mwezi mmoja, naye huamini kwamba amelipwa mara tatu au kwamba amekatwa mara tatu.

Kikikosa kituo kizima, fikiria mtandao na umeme. Mei 2024 ni mfano mzuri kwa ukanda huu. Mwanzoni mwa mwezi, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu ya Lindi na Dar es Salaam eneo la Somanga wilayani Kilwa, na bahasha iliyopakiwa kwenye basi isingeweza kupita. Tarehe 12 ya mwezi huohuo nyaya za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na intaneti ikawa ya kusuasua nchi nzima. Mwajiri mwenye njia moja tu angekwama ama kwa hili ama kwa lile. Dawa yake si ghali: tengeneza hati mapema, siku mbili au tatu kabla ya siku ya malipo, na uhifadhi nakala kwenye kompyuta ya ofisi ya kituo ili ziweze kuchapishwa hapohapo bila kutegemea intaneti. Kwa vituo vilivyo kando ya mto Ruvuma, kama vile Kilambo na Mtambaswala, kuna sababu ya ziada, kwamba simu inaweza kunasa mtandao wa upande wa Msumbiji na ujumbe usiingie mpaka mwenyewe achague mtandao wake kwa mkono kwenye mipangilio ya simu.

Akikosa mtu mmoja, hapo ndipo jalada linapohitajika. Namba ya simu iliyoandikwa kwenye fomu ya ajira mara nyingi ni ya miaka mingi iliyopita. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na kampuni ya simu na baadaye huuzwa upya, hivyo namba ya mfanyakazi wako inaweza kuwa leo mikononi mwa mtu asiyemjua kabisa. Wengine waliandikisha namba ya mume, ya kaka au ya jirani kwa sababu siku ile hawakuwa na simu. Usisahihishe namba kwa kuambiwa kwa mdomo au kwa ujumbe wa WhatsApp. Mfanyakazi aje na kitambulisho, ajaze fomu ya mabadiliko na kusaini, kisha itumwe namba ya uthibitisho kwenye simu aliyoishika mbele yako. Kazi hii ni ya dakika chache kwa mtu mmoja, na ifanywe kwa wafanyakazi wote kabla ya kuanza. Ofisi inayoruka hatua hii huilipia baadaye kwa foleni ya kila mwisho wa mwezi.

Ujumbe umefika lakini hati haifunguki

Mifumo mingi hutuma hati katika faili la PDF lililofungwa kwa nywila, na nywila hiyo mara nyingi ni tarehe ya kuzaliwa. Mfanyakazi anaandika tarehe yake kwa usahihi, faili linakataa, naye anarudia mpaka anachoka. Zipo sababu mbili za kawaida. Ya kwanza ni mpangilio: mfumo unataka mwaka kwanza, yeye anaanza na siku. Ya pili ni nzito zaidi: tarehe iliyoko ofisini haifanani na iliyoko kwenye kitambulisho cha Taifa. Watu waliozaliwa vijijini na kupata vyeti ukubwani wanaweza kuwa na tarehe moja kwenye cheti cha shule, nyingine kwenye kitambulisho na nyingine kwenye fomu ya ajira. Ukigundua tofauti hiyo usiishie kwenye nywila, kwa sababu tarehe hiyohiyo itakuja kuleta utata kwenye mafao ya uzeeni. Ishughulikie sasa, mfanyakazi akiwa bado kazini na ana mtu wa kumuuliza.

Kuna hoja dhidi ya kutumia tarehe ya kuzaliwa hata pale inapofungua. Tarakimu nane za mwanzo za namba ya kitambulisho cha Taifa ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa ya mwenye kitambulisho. Kwa hiyo yeyote aliyewahi kutoa kivuli cha kitambulisho hicho, awe karani wa steshenari au wakala wa laini za simu, ana ufunguo wa mshahara wako. Nywila aliyoichagua mfanyakazi mwenyewe ni salama zaidi, ingawa ataisahau mara kwa mara na ofisi itabidi iwe na utaratibu wa kumrejeshea bila kuijua.

Yakiondolewa ya nywila, yanabaki mambo madogo. Simu imejaa picha na haina nafasi ya kupakua, bando limekwisha, programu ya kusomea PDF haipo, au mfanyakazi ana kitochi, simu ndogo ya vitufe, ambacho hakijui faili ni nini. Hili la mwisho haliwezi kusuluhishwa kwa mafunzo, na nitalirudia chini.

Hati imefunguka, tarakimu zina utata

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Mfanyakazi akilalamika kwamba amepungukiwa, usianze kumweleza. Chukua hati yake ya mwisho ya karatasi na hati yake ya kwanza ya kielektroniki, uziweke pamoja, na ushuke mstari kwa mstari.

Anza na PAYE, yaani kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara, kwa kuwa ndiko makosa ya kupanga mfumo hujificha. Chukua mfanyakazi wa sekta binafsi Tanzania Bara anayelipwa shilingi 800,000 kwa mwezi bila posho. Mchango wake wa asilimia 10 kwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni 80,000, na huo huondolewa kabla ya kodi, kwa hiyo kinachotozwa kodi ni 720,000. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za mwanzo hazitozwi kitu, kiasi kinachozidi hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8, kinachofuata hadi 760,000 asilimia 20, kinachofuata hadi 1,000,000 asilimia 25, na kinachozidi hapo asilimia 30. Kodi ya mtu huyu basi ni 20,000 kwa daraja la asilimia 8, na 40,000 kwa shilingi 200,000 zilizoingia daraja la asilimia 20, jumla 60,000. Anabaki na 660,000. Ukiona hati inaonyesha kodi ya 78,000, hakuna haja ya kutafuta mbali: mfumo umetoza kodi kwenye 800,000 nzima, yaani haujaambiwa kwamba mchango wa NSSF hutangulia. Shilingi 18,000 kwa mwezi kwa mtu mmoja ni kiasi cha kutosha kuvunja imani ya kiwanda kizima, na kosa hilo huwapata wote kwa pamoja, jambo ambalo lenyewe ni dalili. Kosa la mtu mmoja hutoka kwenye jalada lake. Kosa la watu wote hutoka kwenye mpangilio wa mfumo.

Inawezekana pia ukakuta hati mpya ndiyo sahihi na ya karatasi ndiyo iliyokosea kwa miaka. Mhasibu akikuta hali hiyo, alifikishe suala kwa uongozi kwa maandishi kabla ya mfanyakazi kuligundua mwenyewe.

Baada ya kodi, angalia michango. Mwenye posho, mchango wake wa NSSF ukiwa ni asilimia 10 ya mshahara wa msingi peke yake, mfumo umenakiliwa kutoka kwa taasisi za umma, ambako mchango wa PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, huhesabiwa kwenye mshahara wa msingi, mtumishi akichangia asilimia 5 na mwajiri 15. Angalia pia kama kuna mstari wa SDL, ile tozo ya kuendeleza ufundi stadi, au wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, katika safu ya makato. Yote mawili ni mzigo wa mwajiri. Kuonekana kwenye hati kama taarifa si kosa, lakini kupunguzwa kwenye mshahara ni kosa la kurekebishwa na kurudishwa mwezi huohuo.

Makato ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu yana tabia yake. Mnufaika wa mkopo huo aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na kwa mwenye 800,000 hiyo ni 120,000, hivyo mtu aliyezoea kupokea 660,000 akikuta 540,000 atashtuka kwa haki. Hapa zipo dalili mbili zinazofanana kwa mbali. Makato yakitokea ghafla, huenda jina lake limeingizwa mwezi ule kutokana na maelekezo ya Bodi, na barua ya maelekezo iwepo kwenye jalada. Isipokuwepo, makato hayana msingi. Makato yakiendelea baada ya deni kwisha, mfumo haukuwekewa kikomo, na kinachohitajika ni uthibitisho wa Bodi kwamba deni limemalizika.

Upo mkanganyiko mwingine ambao si kosa la mtu. Hati inasema 660,000, akaunti ya benki imepokea 660,000, lakini simu ya mfanyakazi inaonyesha salio la 590,000 kwa sababu benki imeshakata rejesho la mkopo na ada yake. Hayo hayamo kwenye orodha ya mishahara na hayatakuwamo. Mwonyeshe mfanyakazi taarifa ya akaunti yake, siyo hati. Advansi ya mshahara aliyoichukua katikati ya mwezi ni suala tofauti: hiyo ni lazima ionekane kwenye hati, na kwa mstari wake peke yake.

Kwa viwanda vya korosho kuna dalili ambayo mifumo iliyotengenezewa maofisi haikuiwazia. Jumla ni sahihi kabisa, na bado mfanyakazi haikubali. Mbanguaji anayelipwa kwa kilo alikuwa akiona kwenye karatasi kilo zake, korosho nzima kando na vipande kando, kila kundi na bei yake. Mfumo mpya una kisanduku kimoja tu kilichoandikwa malipo ya kazi, na kilo zote zimemezwa humo. Yeye hana namna ya kulinganisha na daftari analoliweka kwenye mkoba wake, na mtu asiyeweza kulinganisha ana haki ya kushuku. Muagize mtengenezaji wa mfumo aongeze mistari ya kiasi na bei kwa kila daraja. Akisema haiwezekani, toa kiambatisho cha kilo pamoja na hati mpaka iwezekane. Kwa maoni yangu mfumo usioweza kuonyesha kilo haufai kununuliwa Mtwara.

Mtu amepata hati ya mwingine

Hii ndiyo dalili pekee inayostahili kusimamisha utumaji mzima papo hapo, hata kama aliyekosea kupata ni mmoja. Karibu kila mara chanzo ni kuunganisha orodha mbili kwa kutumia majina. Katika mikoa hii si ajabu kiwanda kimoja kikawa na akina Fatuma Hamisi Saidi wawili na akina Hamisi Issa watatu, na kompyuta ikiambiwa itafute jina humchukua wa kwanza inayekutana naye. Chanzo kingine ni mtu kupanga upya safu moja ya jedwali kwa alfabeti bila kuzipanga zile za pembeni, na hapo namba zote za simu huhama mstari. Unganisha orodha kwa namba ya ajira, siyo kwa jina, na kabla ya kutuma chagua watu kadhaa kutoka juu, katikati na mwisho wa orodha uwahakiki kwa macho.

Kuhusu hati iliyokwisha kutoka, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka mwajiri alinde taarifa za wafanyakazi wake na aijulishe Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi usalama wake unapovunjwa. Mjulishe pia mwenye hati. Ule utaratibu wa kurahisisha mambo kwa kutuma hati zote kwenye kundi la WhatsApp la idara, kila mmoja atafute yake, usifikiriwe kabisa.

Benki au ofisi nyingine inaikataa hati

Afisa mikopo anaona picha ya skrini ya simu na anaomba hati yenye muhuri. Ana sababu: faili la PDF huhaririwa kwa urahisi, na picha ya skrini hata zaidi. Mfanyakazi apeleke faili lenyewe lililopakuliwa, siyo picha. Kama mfumo wako unaweka alama ya kuhakiki inayosomwa kwa kamera ya simu, ijulishe benki kwa barua namna ya kuitumia. Kama hauna, ofisi ichapishe hati za miezi mitatu, igonge muhuri na isaini. Watumishi wa umma wamekwisha kuvuka hatua hii, kwa kuwa hati zao hutoka kwenye mfumo wa Serikali kwa cheki namba, yaani namba ya utumishi ya kila mmoja, na benki zimeuzoea. Sekta binafsi bado italazimika kuandika barua.

Wasio na simu janja, na vibarua wa msimu

Mwajiri anayetangaza kwamba kuanzia mwezi fulani karatasi imekoma kwa kila mtu amejitengenezea tatizo. Wapo walinzi, wapishi na wabanguaji wenye vitochi, na wapo wasiosoma kwa urahisi. Haki yao ya kupata mchanganuo haipungui. Weka kompyuta na printa moja kwenye kila kituo, na mtu mwaminifu wa kuwachapishia bila malipo. Mfanyakazi asilazimike kwenda steshenari ya mtaani, ambako faili lake hubaki kwenye kompyuta ya watu pamoja na nywila aliyomtajia karani.

Vibarua wanaoingia maghalani msimu wa korosho unapofunguka, kuanzia Oktoba, wasiingizwe kwenye utumaji wa simu mpaka namba zao zihakikiwe kwa njia ileile ya wafanyakazi wa kudumu. Kwa wanaokaa wiki chache, karatasi bado ni njia nyepesi na ya heshima.

Aliyeondoka kazini hapati tena hati zake

Siku ya mwisho ya kazi ofisi hufunga akaunti ya mfanyakazi kwenye mfumo, na hati zake zote hufungwa pamoja nayo. Miezi kadhaa baadaye anakwenda NSSF kufuatilia mafao, anakuta miezi ambayo michango yake haionekani, na ushahidi kwamba alikatwa uko ndani ya mfumo asioweza kuuingia. Sheria ya ajira inamtaka mwajiri atunze kumbukumbu za malipo kwa miaka mitano, lakini kutunza peke yake hakumsaidii aliyeko Liwale bila nywila. Ongeza mstari mmoja kwenye fomu ya makabidhiano: kabla ya akaunti kufungwa, mfanyakazi akabidhiwe hati zake zote, kwa faili au kwa karatasi, na asaini kwamba amezipokea. Kwa walioondoka kabla ya utaratibu huo kuanza, na kwa waliokuwepo mfumo wa kwanza ulipoachwa na kuhamia wa pili, pakua hati zao sasa ungali na mkataba na mwenye mfumo, kwa sababu mkataba ukiisha atakayeombwa hati ni wewe.